Kumbukumbu ya seva inaishia wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kwerii na fanksheni za PostgreSQL

Ukurasa huu ni wa watu wanaoendesha hifadhidata ya PostgreSQL kwenye seva ndogo ya kukodi, yenye GB 2, 4 au 8 za kumbukumbu, ambayo mara nyingi imebeba na programu yenyewe humo humo. Majibu yanahusu toleo la 13 na kuendelea. Pale toleo linapoleta tofauti nimelitaja. Msimamo wangu nausema mapema: mara nyingi tatizo si mpangilio wa seva. Kuna mahali ndani ya kwerii (ombi unaloiandikia hifadhidata) ambapo mistari yote inashikwa kwa pamoja bila sababu ya maana. Kazi ni kupatafuta mahali hapo.

Seva ina GB 4, na shared_buffers nimeiwekea GB 1 tu. Tatu zilizobaki zinaliwa na nani?

PostgreSQL ina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni ya wote: shared_buffers, ambamo kurasa za majedwali, kila moja kilobaiti 8, hukaa ili michakato yote izisome. Hii hutengwa seva inapowashwa na haiongezeki. Ya pili ni ya kila mchakato peke yake. Kila muunganisho unaofunguliwa hupewa mchakato wake kamili wa mfumo endeshi, na mchakato huo hujitengea kumbukumbu ya kupanga mistari, kuunganisha majedwali, kujumlisha, na kukumbuka maumbo ya majedwali uliyoyagusa. Hii ya pili ndiyo inayopanda na kushuka, na ndiyo inayoangusha seva mwisho wa mwezi matawi yote ya kampuni yanapofungua ripoti kwa wakati mmoja.

Linux nayo hutumia nafasi iliyo wazi kuhifadhi nakala za faili. Hiyo haijapotea. Ukiendesha amri ya free, tazama safu ya available, usitishwe na ya free.

work_mem, kikomo cha kumbukumbu ya kazi, ni MB 4 tu kwa kawaida. Inawezaje kumaliza seva nzima?

Kwa sababu si kiwango cha seva, wala cha muunganisho, wala hata cha kwerii. Ni kiwango cha kila hatua moja ya kupanga au ya heshi (jedwali la muda la kutafutia linalojengwa kwenye kumbukumbu) ndani ya mpango wa kwerii. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza: wanaona seva ina GB 8, wanaandika work_mem = 64MB wakidhani ni kidogo, na wiki mbili zinapita salama.

Tupige hesabu. Kwerii ya ripoti inaunganisha majedwali matatu, yaani heshi mbili, kisha inapanga matokeo. Hatua ya kupanga ina ruhusa ya MB 64. Hatua za heshi huzidishwa na hash_mem_multiplier, ambayo tangu toleo la 15 ni 2.0, kwa hiyo kila moja ina ruhusa ya MB 128. Jumla MB 320. Jedwali likiwa kubwa, mpangaji (sehemu ya PostgreSQL inayochagua njia ya kuendesha kwerii) anaweza kugawa kazi kwa michakato ya wasaidizi. Max_parallel_workers_per_gather ni 2 kwa kawaida, na mchakato mkuu nao unafanya kazi, hivyo ni michakato mitatu na ruhusa inafika karibu MB 960. Hiyo ni kwerii moja ya mtu mmoja. Wakija kumi kwa pamoja, GB 8 huenda zisitoshe.

Ni kweli kwamba hiki ni kikomo tu: kwerii inayopanga mistari mia mbili haitagusa hata MB 1. Ndiyo maana mpangilio mbaya hukaa kimya muda mrefu, mpaka data ikue.

Nitaijuaje kwerii yenye makosa?

Anza na EXPLAIN ANALYZE, amri inayoendesha kwerii na kuonyesha mpango wake, kisha soma mistari michache tu. Kwenye kupanga utaona moja kati ya hizi:

Sort Method: quicksort  Memory: 3071kB
Sort Method: external merge  Disk: 215048kB
Sort Method: top-N heapsort  Memory: 27kB

Ya kwanza imetosha ndani ya kumbukumbu. Ya pili imezidi work_mem, ikaandika faili za muda kwenye diski. Ya tatu ndiyo unayotamani kuiona: kwerii ina LIMIT, na PostgreSQL imebaki na mistari michache ya juu tu huku ikitupa mingine. Kwenye heshi tazama Batches: ikiwa ni 1, yote imekaa kwenye kumbukumbu; ikizidi hapo, imegawanywa na sehemu imekwenda diski.

Jihadhari na jambo moja. Ukiona Disk: 215048kB, usifikiri work_mem ya MB 210 itatosha. Mistari kwenye diski huandikwa kwa kubanwa zaidi kuliko inavyokaa kwenye kumbukumbu, kwa hiyo utahitaji zaidi ya hapo. Na kabla ya kuongeza, jiulize kwa nini ripoti ya ukurasa mmoja inapanga MB 210.

Kwa seva nzima, weka log_temp_files = 0 kwa siku kadhaa; kila faili ya muda itaandikwa kwenye logi pamoja na ukubwa wake. Kiendelezi cha pg_stat_statements nacho kina safu ya temp_blks_written, itakayokuonyesha ni kwerii zipi zinazorudia kosa hilo kila siku.

Basi niongeze work_mem au nisiongeze?

Ongeza kwa anayehitaji, usiongeze kwa wote. Acha ya seva iwe ndogo, kisha ndani ya muamala wa hifadhidata (BEGIN hadi COMMIT) unaoendesha ripoti andika SET LOCAL work_mem = '128MB'; itarudi ilipokuwa muamala ukiisha. Au mpe mtumiaji wa ripoti kiwango chake kwa ALTER ROLE ripoti SET work_mem = '64MB'. Kwerii ya usiku inayotumia diski kidogo haina dhambi yoyote. Diski ikichelewesha ripoti kwa sekunde tatu, hakuna aliyeumia. Kumbukumbu ikiisha, kila mtu anatolewa nje.

Nimeweka kwerii zangu ndani ya fanksheni ili ziwe safi. Mbona zimekuwa nzito?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu fanksheni ni mahali ambapo mistari hushikwa yote kwa pamoja bila mtu kujua. Tazama hii:

CREATE FUNCTION miamala_ya_tawi(t int) RETURNS SETOF miamala AS $$
BEGIN
  RETURN QUERY SELECT * FROM miamala WHERE tawi_id = t;
END $$ LANGUAGE plpgsql STABLE;

Halafu programu inaita:

SELECT * FROM miamala_ya_tawi(7) ORDER BY tarehe DESC LIMIT 20;

Aliyeandika anataka mistari 20. Lakini RETURN QUERY, sawa na RETURN NEXT, haitoi mstari mmoja mmoja. Inakusanya matokeo yote kwanza, kwenye kumbukumbu hadi kufikia work_mem na kinachobaki kwenye diski, ndipo fanksheni inarudi. Tawi la saba likiwa na miamala milioni mbili, zote zinakusanywa, zinapangwa, kisha 20 zinachukuliwa na zilizobaki zinatupwa. LIMIT iko nje ya mlango, haiwezi kuingia ndani. Tena mpangaji haoni kilichomo. Hudhani fanksheni itatoa mistari 1000 na kupanga mambo mengine kwa makisio hayo.

Sasa iandike hivi:

CREATE FUNCTION miamala_ya_tawi(t int) RETURNS SETOF miamala
LANGUAGE sql STABLE AS $$
  SELECT * FROM miamala WHERE tawi_id = t
$$;

Kwerii ni ile ile, ila lugha ni sql, na PostgreSQL inaweza kuifungua na kuimwaga ndani ya kwerii inayoiita kana kwamba fanksheni haikuwepo. Ukiwa na faharasa (index) ya tawi_id na tarehe kwa mfuatano huo, itaingia kwenye faharasa kutokea mwisho, itasoma mistari 20 na kusimama. Hakuna kupanga, hakuna kukusanya.

Kufunguka huku kuna masharti: fanksheni iwe STABLE au IMMUTABLE, iwe na SELECT moja tu, isiwe STRICT wala SECURITY DEFINER, na isiwe na kipengele cha SET. Hilo la mwisho linauma, maana kuna wanaoongeza SET work_mem kwenye fanksheni wakitaka kuisaidia, kumbe wameizuia isifunguke. Kujua kama imefunguka ni rahisi: endesha EXPLAIN. Ukiona Function Scan on miamala_ya_tawi, bado imefungwa. Ukiona jina la jedwali na faharasa, imefunguka.

Na kama lazima iwe plpgsql, kwa sababu kuna hesabu za katikati?

Tumia FOR r IN SELECT ... LOOP. Ndani yake PostgreSQL hutumia kishale (cursor) na huvuta mistari kidogo kidogo, kwa hiyo kuzunguka mistari milioni kumi si hatari kwa kumbukumbu. Hatari inarudi pale ambapo kila mzunguko unaongeza kitu kwenye safu-orodha (array), au unaita RETURN NEXT. Ukiweza, toa jumla tu mwishoni, au andika matokeo kwenye jedwali la muda.

array_agg, string_agg na json_agg, zinazokusanya mistari mingi kuwa thamani moja, zina shida gani? Toleo la 13 si lilitatua?

Lilitatua nusu. Kabla ya 13, HashAggregate (hatua inayojumlisha makundi kwa heshi) ikikosea makisio ya idadi ya makundi iliendelea kukua kupita work_mem bila breki. Tangu 13 inaweza kupeleka makundi mapya diski. Lakini kundi ambalo tayari limo ndani linabaki ndani na linaendelea kupokea mistari yake. Kwa sum na count hilo si kitu, kwa sababu hali ya kundi ni namba chache hata mistari ikiwa mamilioni. Kwa array_agg, string_agg na json_agg hali ya kundi ni mistari yenyewe! Kila mstari unaoingia unaikuza, na hakuna njia ya kuipeleka diski.

Juu yake kuna dari: thamani moja kwenye PostgreSQL haiwezi kuzidi GB 1. Ukiifikia utapata ujumbe wa Cannot enlarge string buffer au invalid memory alloc request size, hata kama seva ina GB 256. Kununua kumbukumbu hakusaidii hapo.

Tiba ya kwanza ni kutazama aina ya mpango. HashAggregate hushika hali za makundi yote kwa wakati mmoja. GroupAggregate hupokea mistari iliyokwisha kupangwa, hivyo hushughulikia kundi moja, hulitoa, hulisahau, huenda linalofuata. Ukiwa na wateja laki moja tofauti ni kubwa mno. Faharasa ya mteja_id mara nyingi humvuta mpangaji upande huo. Njia nyingine ni kuweka mpangilio ndani ya fanksheni yenyewe, json_agg(m ORDER BY m.tarehe), kwa kuwa fanksheni ya namna hiyo haiwezi kufanyiwa heshi kabisa, na tangu toleo la 16 PostgreSQL inaweza kutumia faharasa ya mteja_id na tarehe badala ya kupanga kila kundi upya.

Tiba ya pili ni kukata kabla ya kukusanya. Skrini ya simu inaonyesha miamala kumi ya mwisho ya mteja, lakini kwerii inakusanya ya miaka sita kisha programu inachukua kumi. Kata humo humo:

SELECT w.id, x.orodha
FROM wateja w
CROSS JOIN LATERAL (
  SELECT json_agg(s) AS orodha FROM (
    SELECT id, kiasi, tarehe FROM miamala
    WHERE mteja_id = w.id
    ORDER BY tarehe DESC LIMIT 10) s
) x;

Hapa hakuna mteja atakayeshika zaidi ya mistari kumi, awe na miamala thelathini au laki tatu.

Tiba ya tatu wengi hawaipendi, ila naisimamia: acha kutengeneza hati nzima ya JSON ndani ya hifadhidata. Tuma mistari ya kawaida, programu iijenge huku ikipokea.

SELECT * inadhuru kweli, au ni mazoea tu ya kukaripiana?

Inadhuru pale kwerii inapopanga au kufanya heshi, kwa sababu kila safu uliyoomba inabebwa hadi mwisho. Mstari wa namba tatu na mstari wenye maelezo ya herufi elfu moja havijazi work_mem sawasawa. Thamani kubwa sana, mstari unapozidi takriban kilobaiti 2, hutolewa nje ya jedwali na kuachiwa kielekezi kidogo, kwa hiyo hizo hazilemei upangaji. Zinazolemea ni zile za ukubwa wa kati.

Kwa jsonb kubwa kuna gharama nyingine: kila unapoandika data->>'jina', thamani nzima inaletwa na kufunguliwa ndipo jina litafutwe. Ukitaja vipengele vitano, inafunguliwa mara tano. Kipengele unachokisoma kila siku kipe safu yake.

Kurasa za matokeo kwa OFFSET?

LIMIT 20 OFFSET 100000 bila faharasa inayofaa hulazimisha kushika mistari 100,020 ili kutoa 20. Kumbuka mstari wa mwisho ulioonyeshwa na uendelee kutokea hapo: WHERE (tarehe, id) < ($1, $2) ORDER BY tarehe DESC, id DESC LIMIT 20.

Seva iko salama, ila programu yangu ndiyo inayouawa. Kwa nini?

Kwa sababu maktaba ya libpq, ambayo lugha nyingi zinaitegemea, kwa kawaida hupokea matokeo yote kabla ya kukupa mstari wa kwanza. Kuandika kitanzi cha kusoma mmoja mmoja hakubadilishi kitu. Yote yamekwisha kuingia. Kwenye psql weka \set FETCH_COUNT 1000. Kwenye psycopg2 kipe kishale jina, nacho kitabaki upande wa seva na kuvuta mistari 2000 kwa mkupuo. Kwenye Java, setFetchSize haifanyi kazi mpaka uzime autocommit (kila kwerii kuwa muamala wake). Hilo limewapotezea watu siku nzima, maana halitoi kosa lolote, linapuuzwa tu. Na kama unachotaka ni faili ya CSV, tumia COPY ... TO STDOUT, mistari inatiririka moja kwa moja.

Nikiingiza mistari mamilioni kwa mkupuo kumbukumbu inapanda, na hakuna kupanga wala heshi!

Angalia kama jedwali lina ufunguo wa kigeni (foreign key) au triga ya AFTER, yaani kazi inayojiendesha baada ya badiliko, kwa kila mstari. PostgreSQL huweka foleni ya ukaguzi utakaofanywa baadaye, na foleni hiyo inakaa kwenye kumbukumbu, haiendi diski. Gawa kazi kwa mafungu. Ukiwa unajaza jedwali jipya, ingiza data kwanza, ufunguo wa kigeni uongeze mwishoni.

Je, fanksheni za PostgreSQL huvuja kumbukumbu?

Zamani zilivuja, kwa maana halisi. Hadi toleo la 7.0, kumbukumbu iliyotumika kukokotoa kila mstari haikurudishwa mpaka kwerii iishe, kwa hiyo kwerii ndefu yenye maandishi mengi ilikua bila kikomo. Toleo la 7.1, la mwaka 2001, lilipanga upya usimamizi wote: kila hatua ina eneo lake la kumbukumbu, na eneo la mstari mmoja husafishwa kabla ya mstari unaofuata. Ni kazi ya uhandisi ninayoiheshimu sana, maana mwandishi wa fanksheni ya C hahitaji kukumbuka kufuta kila kipande alichotenga.

Leo kinachofanana na kuvuja mara nyingi ni kumbukumbu ya maumbo. Muunganisho uliogusa majedwali elfu kadhaa, hasa yaliyogawanywa vipande, hukumbuka umbo la kila kimoja na hausahau hadi ufungwe. Tangu toleo la 14 unaweza kuita SELECT pg_log_backend_memory_contexts(pid) na kusoma kwenye logi ni eneo gani limevimba. Likiwa CacheMemoryContext, ndilo hilo. Weka PgBouncer, programu inayogawana miunganisho michache kwa watumiaji wengi, mbele, upunguze miunganisho, na uiagize ifungwe baada ya muda.

top inaonyesha kila mchakato unakula GB 1. Nina michakato 40 na seva ya GB 8!

Safu ya RES kwenye amri ya top huhesabu shared_buffers upya kwa kila mchakato ulioigusa. Soma Pss ndani ya /proc/PID/smaps_rollup, ambayo hugawa sehemu ya pamoja kwa wanaoitumia.

Kwenye seva kubwa kuna kitu kimoja cha kweli kilichojificha hapo. shared_buffers ya GB 8 ni kurasa za Linux zaidi ya milioni 2 za kilobaiti 4, na kila mchakato unaozigusa zote hutunza ramani yenye baiti 8 kwa kila ukurasa, yaani MB 16. Kwa miunganisho 100 ni GB 1.6 za ramani tupu. Washa kurasa kubwa za MB 2 na karibu zote zinarudi.

Ujumbe wa out of memory na ule wa signal 9 vinatofautianaje?

Wa kwanza ni PostgreSQL imeomba ikanyimwa: kwerii hiyo moja inafutwa, wengine wanaendelea. Wa pili, terminated by signal 9: Killed, ni Linux imeua mchakato. Hapo PostgreSQL haiwezi kuamini tena kumbukumbu ya pamoja, hivyo inakata miunganisho yote na kuanza kujirejesha. Kuweka vm.overcommit_memory = 2 kunaifanya Linux ikatae mapema badala ya kuua baadaye. Fanya hivyo kwenye seva ya hifadhidata pekee. Kama programu nyingine zinaishi humo, zijaribu kwanza, kwa sababu zipo zinazoomba kumbukumbu nyingi kuliko zinavyotumia.

Kupandisha toleo kutanisaidia?

Ukiwa chini ya 13, sana, kwa sababu ya HashAggregate iliyoelezwa juu na upangaji unaotumia mpangilio uliopo kwenye faharasa. Toleo la 16 lilipunguza kichwa cha kila kipande cha kumbukumbu kutoka baiti 16 hadi 8, na kwa heshi yenye vipande vidogo mamilioni unaliona. Toleo la 17 liliandika upya namna VACUUM (kazi ya kusafisha majedwali) inavyokumbuka mistari iliyokufa, nayo sasa inakula sehemu ndogo ya ilichokuwa ikila. Ila fanksheni ya plpgsql yenye RETURN QUERY itaendelea kukusanya mistari yote kwenye toleo lolote kati ya hayo, kwa hiyo hiyo irekebishe leo.